Mwache Amalize

Kinyozi huyu mtaa mzima ulimwita Kasuku, naye hakukasirika. Alisema mwenyewe kwamba mashine yake hunyoa vichwa na mdomo wake huondoa uchovu, na tena mdomo hautumii umeme. Saluni yake ilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kirefu, na benchi la wanaosubiri zamu. Wengine walikaa kwenye benchi hilo bila nia yoyote ya kunyoa. Walifuata maneno.

Binti yake wa mwisho, Kitinda, alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Neno lilimkwama, hasa likianza na sauti ya "k". Kasuku alimpenda kama mboni ya jicho, na kwa mapenzi hayo akawa anamsemea. Dukani alimsemea. Kwa wageni alimsemea. Kitinda alianza, baba akamaliza. Nyumba nzima ilizoea hivyo, na hakuna aliyeona kosa.

Kitinda alikuwa na akili. Alifaulu, akaingia chuo kikuu kusomea kilimo. Siku barua ilipofika, kila kichwa kilichokaa kitini kilipata habari hiyo.

Muhula wa kwanza ulikuwa haujafika hata nusu. Jumamosi moja asubuhi Kitinda akatokea saluni na begi kubwa. Kitini alikuwa amekaa jirani yao, mama wa makamo aliyependa nywele fupi. Watu walimwita Mshauri, kwa kuwa alifanya kazi chuoni hapohapo, katika ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," akajibu Kasuku. "Mbona begi kubwa hivyo?"

"Nataka ku... ku... ku..."

"Kula? Nenda nyumbani, mama yako kaandaa."

Kitinda akatikisa kichwa. "Ku... ku..."

"Kulala! Safari imekuchosha."

Mshauri akainua mkono chini ya kitambaa cha kunyolea. "Fundi, zima mashine kidogo. Mwache amalize."

Mashine ikanyamaza. Kasuku naye akanyamaza, na hilo kwake lilikuwa gumu zaidi. Kitinda alihangaika, akafumba macho, neno likatoka.

"Kuacha chuo."

Kasuku akakaa kwenye benchi la wateja kama mtu aliyesukumwa.

Polepole, Kitinda akasimulia. Siku ya kwanza darasani kila mtu alitakiwa kutaja jina. Jina lake lilimkwama, wakacheka. Mgahawani alitamani kahawa, lakini foleni ilikuwa ndefu nyuma yake, na neno lenyewe lilianza na "k". Basi akaagiza chai. Tangu siku hiyo alikunywa chai tu. Kisha ikaja kazi ya kikundi juu ya udongo. Yeye ndiye aliyepima udongo, yeye ndiye aliyeandika majibu. Siku ya kuwasilisha mbele ya darasa, wenzake walimwambia, "Wewe bonyeza kompyuta tu, sisi tutasema." Mhadhiri alikuwa na sheria yake: asiyesema hapati alama. Kitinda akapata sifuri.

"Ah, mwanangu," akasema Kasuku. "Ungetulia tu, ukavuta pumzi..."

"Fundi," Mshauri akamkatiza, "hilo nalo tuliache. Ukimwambia atulie, unamwambia kwamba anakosea. Kigugumizi si woga. Si upungufu wa akili. Neno analijua, liko tayari kichwani. Kulitoa ndiko kunakochelewa."

"Sasa tufanye nini?"

"Mtazame usoni. Ngoja. Usimmalizie neno. Sikiliza anachosema, usihesabu anavyokisema."

Kasuku akatazama sakafu iliyojaa nywele. "Ina maana miaka yote hii nimemkosea mtoto?"

"Ulimsaidia kadiri ulivyojua, baba yangu. Leo umejua zaidi." Kisha Mshauri akamgeukia Kitinda. "Nawe usiache bado. Jumatatu njoo ofisini kwangu. Chuo kina wajibu wa kukusikiliza. Si hisani."

Jumatatu Kasuku alifunga saluni, akamsindikiza. Njiani alipanga maneno ya kumwomba mhadhiri: binti yangu umsamehe, asiseme mbele za watu, umpe kazi ya kuandika. Aliyapanga vizuri, yakawa matamu.

Mshauri aliwapeleka kwa mhadhiri, naye akawapokea wote watatu katika chumba chembamba, meza imejaa mitihani ya kusahihisha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka.

"Mama Mshauri, sheria ni moja kwa wote," alisema. "Nikimpa huyu muda zaidi, wenzake watasema napendelea."

"Mwalimu, darasani kwako wapo wanaovaa miwani?"

"Wapo wengi."

"Umewahi kuwaambia waivue ili wawe sawa na wenzao?"

Mhadhiri akagusa miwani yake mwenyewe, akatabasamu bila kutaka. Kasuku akaona nafasi yake imefika. Akafungua kinywa. Lakini mhadhiri alikuwa ameshamgeukia Kitinda.

"Wewe mwenyewe unataka nini?"

Kitinda alikaza mikono magotini. Midomo ilitetemeka, sauti haikuja. Kasuku alijua jibu, alilipanga njia nzima. Akauma ulimi.

"Sitaki ku... ku... kusamehewa," akasema Kitinda. "Nataka ku... kusema. Nipewe muda."

Kasuku akayameza maneno yake matamu. Kumbe angemwombea binti yake jambo asilolitaka! Akawaza: ni mara ngapi nimefanya hivyo?

Mhadhiri alikubali. Kikundi kitarudia kazi yao, na Kitinda atapewa muda mara mbili. Wiki hiyo Mshauri aliingia darasani akazungumza robo saa. Hakumtaja mtu. Alieleza kwamba darasa la chuo kikuu lina watu wa kila namna: asiyeona vizuri, asiyesikia vizuri, mwenye lafudhi ngeni, mama anayesoma huku akilea. Kila mmoja ana jambo ambalo wengine hawalijui. Asiposikilizwa, darasa zima linalikosa. Alipomaliza, kiongozi wa kikundi alimfuata Kitinda nje ya darasa.

"Tulidhani tunakuonea huruma," alisema. "Tungekuuliza. Nisamehe."

Baada ya wiki tatu, Jumamosi, Kitinda aliingia tena saluni. Safari hii alikuwa na mkoba mdogo tu. Kasuku alikuwa akimnyoa mwashi mmoja mwenye haraka.

"Baba, tuliwasilisha juzi."

Kasuku akageuka, akamtazama usoni. Hakuuliza. Alingoja.

Kitinda akasimulia. Alipewa dakika ishirini, akatumia kumi na saba. Alikwama mara nyingi. Pabaya zaidi palikuwa kwenye "kalsiamu". Neno hilo Kasuku hakulijua, hata angetaka asingeweza kummalizia.

"Ni chakula cha mimea kilichomo udongoni," Kitinda akaeleza. "Ikabidi niwaambie: udongo huu una ka... kalsiamu kidogo, lakini mi... mimi ninayo tele kinywani, haitaki tu ku... kutoka!"

Darasa lilicheka, na yeye akacheka nao. Halafu wakauliza maswali. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa msichana wa nchi jirani, ambaye tangu muhula uanze alinyamaza kwa kuogopa lafudhi yake. Mhadhiri alimngoja naye. Sasa mhadhiri amesema, kila muhula mpya atawauliza wanafunzi wote nini kinawasaidia kujifunza.

"Na alama je?" akauliza mwashi.

"Nime... nime..." Kitinda akasimama hapo.

Benchi zima likainama mbele. Maneno kumi yalimjia Kasuku mdomoni. Hakutoa hata moja. Alikuwa anagundua jambo ambalo hakulijua kwa miaka kumi na tisa: binti yake, akiachwa amalize, ni mcheshi.

Mwashi akajiangalia kiooni, akapapasa utosi. "Fundi, kichwa changu umekiacha nusu."

"Subiri, ndugu yangu," akasema Kasuku bila kugeuka. "Binti yangu anaongea."