Majani ya Jeneza la Adolphe

Hii ilimpata rafiki yangu Élise wa mtaa wa Panda. Sisi tulimwita hivyo hata baada ya majina ya Kizungu kukatazwa na serikali. Masista walimfundisha kuchora kwenye hariri, basi fundi Adolphe wa kiwandani alipofariki, mjane wake Berthe akamwomba kitambaa cha kufunika jeneza.

“Bwana yangu alikuwaka anapenda vinkubala,” Berthe akamwambia. “Umuchoree ile, na majani yake yote.”

Vinkubala ni wale viwavi tunaowala na bukari, ugali wetu. Élise akachora saba, wanene, juu ya majani mabichi yaliyojaa hariri nzima.

Siku ya mazishi, mchana, mawingu yalitanda na umeme ukakatika. Humo gizani Élise akasikia mvua ndogo ikigonga bati. Akafungua mlango, akanyoosha mkono. Nje kulikuwa kukavu. Sauti ilikuwa nyuma yake, mezani penye ile hariri, ikitafuna bila kupumzika.

Umeme uliporudi, majani yalikuwa yameliwa hadi mishipa. Hariri yenyewe haikuwa na tundu hata moja. Viwavi wote saba hawakuwapo.

Hakuwa na muda wa kuchora upya, maiti ilikuwa inamngoja. Akakunja kitambaa, akakipeleka msibani, na Berthe akakitandaza juu ya jeneza bila kukiangalia vizuri.

Baada ya Baba Yetu watu walinyamaza, na mvua ndogo ikasikika tena. Wote wakatazama bati juu, ingawa jua lilikuwa limetoka.

Élise alitazama jeneza.