Murembe wa Mama Rachael

Kila asubuhi Sella, mama yake Rachael, aliinjika sufuria ya githeri nje ya nyumba yake, mtaani Gatina. Mahindi magumu na maharagwe makavu, yote yalimtii. Basi alipoletewa mbegu za mti wa murembe kutoka kwao Busia, ngumu kama kokoto, alitia nyingi kwenye mkebe akazichemsha kwanza. Ndipo akazipanda. Akangoja mpaka akachoka.

Murembe wa marehemu mamake, uliochanua maua mekundu kila kiangazi, ulikuwa umekatwa kupisha barabara. Hizo ndizo mbegu zilizobaki. Tena Ndegwa, mwenye ploti, alikuwa ameshasema: "Mvua ikianza na hakuna miti hapo nyuma, naweka gereji." Watoto wangecheza wapi?

Wanzala, mumewe fundi wa mbao, alicheka mpaka akashika mbavu. "Umepanda githeri, halafu unangoja mti!"

Sella hakucheka. Machozi yalimlengalenga.

Jirani yao Akoth, anayefanya kazi kwenye kitalu cha miche Riruta, akaja kuona.

"Mama Rachael, moto umeua mbegu. Hakuna zingine?"

"Ziko kiganja tu. Ndizo za mwisho."

"Sawa. Wanzala, wacha kucheka, leta msasa."

Akoth akasugua mbegu ya kwanza. "Sugua ganda upande mmoja, mbali na hili jicho, mpaka uone weupe. Halafu loweka usiku kucha. Maji baridi, mama! Na watoto wasitie mdomoni. Hizi ni sumu."

Kesho yake walizipanda kwenye pakiti za maziwa zilizotobolewa chini, zenye udongo na mchanga.

"Maji kidogo," Akoth akaonya. "Ukizidisha, zinaoza."

Zilipochipua, Sella alipiga vigelegele mpaka ploti nzima ikatoka nje. Mvua ilipoanza, wakahamishia miche nyuma, penye jua, mbali na kuta. Ndegwa akaitazama, akakuna kichwa, akapeleka gereji yake kwingine.

Mwaka wa tatu, kiangazi, majani yalipukutika yote.

"Mama, miti yenu imekufa," Ndegwa akasema. "Niite mtu wa panga?"

"Ngoja tu," Sella akajibu. Aliujua vizuri murembe: huvua majani kwanza, ndipo uvae maua.

Asubuhi moja akatoka na mwiko mkononi, akasimama. Matawi matupu yalikuwa mekundu, mekundu kabisa! Akamwita mumewe kwa sauti.

Wanzala akatoka, akatazama juu. "Mama Rachael," akasema, "githeri yako imeiva."

Safari hii Sella ndiye aliyecheka mpaka akashika mbavu.