Siku Mzee Assumani Alipokufa Hewani

Kisimba aliitupa baiskeli yake chini na kukimbilia reli.

Kosa.

Barabarani angeweza kupotelea katikati ya watu wa sokoni. Relini palikuwa na kokoto, chuma, na jua la asubuhi likimpiga usoni. Talitha Kapenda aliiacha pikipiki yake ya Yamaha DT ikinguruma peke yake, akaruka mtaro, akakipandisha kitenge juu ya suruali na kumfuata.

Kisimba alikuwa karani. Talitha alikuwa jasusi wa serikali.

Mbio hizo hazikuwa ndefu.

Alimdaka karibu na tangi la maji la stesheni ya Kamina. Akamlaza kifudifudi. Goti mgongoni. Mdomo wa Browning nyuma ya sikio.

"Mama, nisamehe! Minyi niko karani tu!"

"Karani anakimbia hivi? Ofisi yenu inafundisha vizuri."

Talitha aliufungua mkoba wa Kisimba kwa mkono mmoja. Disketi. Nyeusi, mpya, zimefungwa kwa mpira.

"Zingine ziko wapi?"

"Zilishaenda. Kabongo, Bukama, Malemba, Mulongo. Hata mu boti."

"Na Gaston?"

"Sijui. Kwa jina la Mungu, sijui! Alibeba kompyuta kubwa jana, akabeba foni ya akiba, akaenda. Alisema leo, bote bakimaliza sala ya asubuhi, baweke disketi. Kisha yeye njo atakuwa chef, mukubwa wa mashine zote."

Talitha alilitazama jua. Sala ya asubuhi ilikuwa karibu kuanza.

Alitoa redio ya Motorola kiunoni.

"Kunguru kwa Mlima."

"Mlima nasikia." Ilikuwa sauti ya Komanda Banza, mkubwa wake.

"Disketi ni za adui. Zimeshafika kote. Gaston ametoweka."

Alisikika akikunjua ramani.

"Boti liko wapi, Kunguru?"

"Limetoka Malemba alfajiri."

"Mama yako yumo."

"Najua yumo, Komanda."

Alikata.

Mwaka ulikuwa 1999, na vita vilikuwa vinakuja kama moto wa nyasi. Nyumba ya biashara ya Assumani na Wana ilikuwa na ofisi kando ya reli na kando ya Lualaba, ikisafirisha mahindi, samaki na watu. Kila ofisi ilikuwa na redio ya Codan, waliyoiita foni, na kompyuta ya Toshiba iliyokula umeme wa betri ya gari. Boti kubwa la kampuni nalo lilikuwa na vyake. Na siku hiyo boti lilikuwa limebeba mapipa ya mafuta ambayo jeshi lilikuwa linayaondoa Mulongo yasiangukie mikononi mwa waasi. Juu ya mapipa walikaa wakimbizi. Akina mama, watoto, wagonjwa, mbuzi. Mama wa Talitha alikuwa amekaa pale, na godoro lake.

Gaston Likoke alikuja Kamina kama mhandisi aliyekulia Ulaya. Shati jeupe, miwani ya Ray-Ban, Kifaransa cha kung'aa. Alimwambia Mzee Assumani, mwenye kampuni, kwamba adui anaiga sauti za watu kwenye foni. Hilo lilikuwa kweli. Malemba walikuwa wameshadanganywa mara moja. Dawa, alisema, ni programu moja, itakayowekwa kwenye mashine zote siku moja. Baada ya hapo amri hazitatoka mdomoni mwa mtu. Zitatoka kwenye mashine, zikiwa na muhuri wa siri wa Mzee.

Alipanga kila kitu. Alizipa mashine namba. Aliwafundisha makarani. Na kwenye karatasi ya mpango, Mzee akatia sahihi sharti moja: mpaka programu iwekwe, sauti yoyote itakayobadilisha mpango ni sauti ya adui. Hata ikiwa ya Mzee mwenyewe.

Hapo ndipo kitanzi kilipokuwa. Programu ikishakaa, mashine ya Gaston ingeziamrisha nyingine zote. Amri ya kwanza ingekwenda kwenye boti: pita mkono mwembamba wa mto, katikati ya mafunjo. Nahodha angeona muhuri wa Mzee. Angetii.

Na ndani ya mafunjo, kwa habari za wavuvi, waasi walikuwa wamelala na RPG zao.

* * *

Mzee Assumani alikuwa amekaa mbele ya redio ya ofisi ya Kamina, kofia nyeupe kichwani, bilauri ya chai mkononi. Babu zake walitoka Maniema kwa miguu, wakifanya biashara. Yeye alikuwa amejenga nyumba hii kwa kichwa chake, na sasa, Talitha alipomaliza kumweleza, uso wake ulikuwa umepauka kama majivu.

"Nitabaambia minyi mwenyewe," alisema. "Baache disketi."

"Hawatakuamini, Baba. Umeandika kwa mkono wako wasiamini."

"Basi waambie bakamate Gaston!"

"Akisikia tumemjua, atawaambia wenzake wasisubiri mkono mwembamba. Watalifuata boti popote lilipo."

Mzee aliiweka bilauri mezani. Chai ilimwagika. Hakuifuta.

"Basi baache kazi namna gani, mutoto yangu? Niambie. Bale bantu banaacha kazi kwa kintu gani?"

Talitha alikuwa na jibu tangu stesheni.

"Siku Mama Saumu alipofariki," alisema polepole, "ofisi zilifanya nini?"

Mzee alimtazama. Saumu alikuwa mke wake.

"Bote balifunga. Balifunika mashine na kitambaa. Hapana hata mumoja aligusa kalamu. Kwetu hapa, kazi mupya haianzi siku ya kilio. Ingezaa kifo kingine."

Kisha akaelewa.

Aliitazama bilauri yake.

"Unataka kuniua asubuhi asubuhi hivi," alisema Mzee, "hata chai sijamaliza."

"Nisamehe, Baba."

"Kusema muntu mzima amekufa, hiyo si mchezo. Bantu bataumia. Matthias wa Bukama iko na moyo mubovu."

"Kwenye boti kuna watoto, Baba."

Mzee alifumba macho. Midomo yake ilitembea bila sauti. Alipoyafumbua, alisogea pembeni na kumpisha Talitha kwenye kiti.

"Uongo huu nitaujibu minyi mbele ya Mungu. Si weye. Sema."

Talitha alishika kipaza sauti. Alibonyeza kitufe.

"Kamina inaita. Kamina inaita bote. Mukiwa mu sala, mukate sala. Musikie."

Sauti zilijibu moja moja. Kabongo. Bukama. Malemba. Mulongo. Boti.

"Baba Assumani ametutoka. Leo, asubuhi hii. Kamina iko ndani ya kilio."

Hewa ilinguruma tupu.

Kisha mwanamke akapiga yowe. Alikuwa Ève, wa ofisi ya Malemba. Yowe lake lilijaa ukumbi wote, likapita dirishani, na kuku wa uani wakatawanyika. Matthias wa Bukama, mzee wa kanisa, mtu wa kusoma tangu utoto, alijaribu kusema neno la Biblia akashindwa katikati.

"Matthias analia?" alinong'ona Assumani. "Minyi nilimufukuza kazi mara mbili!"

"Nyamaza, Baba. Wewe ni maiti."

Halafu ikaja sauti ya Yusufu, nahodha wa boti. Nzito. Imevunjika.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kamina, minyi nafunga boti hapa hapa, kwa kijiji. Leo siendi mbele. Mashine naifunika."

Talitha alifumba macho mara moja tu.

Lakini kifo kile kilikuwa na kazi ya pili. Alinyanyuka, akatoa kwenye begi lake antena ya kitanzi iliyokunjwa kama mifupa ya mwavuli, na kipokezi kidogo chenye vidude vya masikioni. Kitanzi kikimwelekea anayesema, sauti yake huzama. Kilichohitajika ni mtu mmoja aseme, na aseme kwa muda mrefu.

Mtu huyo alikuja mapema kuliko alivyotarajia.

"Ofisi zote, hapa mhandisi. Pole kwa msiba. Lakini mpango haubadiliki. Wekeni disketi sasa."

Gaston.

Talitha alikuwa tayari juu ya Yamaha.

* * *

"Nani huyo?" aliuliza Ève hewani, akivuta kamasi.

"Mhandisi Gaston. Weka disketi, Ève. Mashine namba nne."

"Weye! Baba amekufa, na weye uko unasema disketi?"

"Ni amri ya Mzee mwenyewe!"

"Mzee gani?" Matthias aliingilia, na machozi yake sasa yalikuwa moto. "Mzee iko maiti! Unatuletea amri ya maiti?"

Talitha alisimamisha pikipiki kwenye njia panda. Aligeuza kitanzi. Sauti ya Gaston ilizama upande wa stesheni.

"Sikilizeni, ni dakika chache tu. Mtaweka, halafu mtalia."

"Kwenu bantu banazikana na kompyuta?" aliuliza Ève.

"Mama, hii ni kazi!"

"Usiniite mama! Mutoto yangu angekuwa na akili!"

Sauti ilizama tena. Nyuma ya karakana ya reli, kwenye njia iliyokufa, ambapo mabehewa ya zamani yalikuwa yanaliwa na kutu. Talitha alizima injini, akatembea. Juu ya behewa moja la daraja la pili ulikuwa umefungwa waya mrefu, na juu ya waya likaanikwa shati jeupe ili uonekane kama kamba ya nguo.

Shati hilo lilikuwa limepigwa pasi.

Nani huanika shati lililopigwa pasi?

Alipanda ngazi. Ndani palinuka mafuta ya taa na manukato ya bei. Gaston alikuwa amempa mgongo, vidude vya kusikilizia vimefunika masikio yake, Toshiba wazi mbele yake, jasho limechora ramani kwenye shati. Hakusikia mlango. Alikuwa bado anabishana na Ève.

"...nitakuandikia barua ya kufukuzwa!"

"Andika! Na uitie sahihi ya maiti!"

Talitha alimvua vidude vya masikio taratibu, kama mama anayemvua mtoto kofia.

"Muage," alisema. "Ni mwanamke wa heshima."

Gaston aligeuka. Mkono wake ulichupa chini ya meza. Makarov iling'aa.

Browning ilisema mara moja.

Makarov iliruka, ikagonga dirisha, ikaanguka nje. Gaston alikaa chini, amekumbatia mkono wake uliopasuka, macho yakimtoka.

"Kunguru kwa Mlima. Behewa nyuma ya karakana. Lete kamba na daktari. Na tuma watu wako kwenye mafunjo."

"Wameshaondoka, Kunguru."

Gaston alitazama kioo cha kompyuta yake. Orodha ya mashine ilikuwa pale, na kando ya kila moja neno moja: inasubiri.

"Nilipanga yote," alisema, meno yakigongana. "Kila mashine, kila ofisi, kila mtu. Umeme ukikatika nilijua nitafanya nini. Mvua ikinyesha nilijua."

"Kilio hukupanga."

"Mzee... alikufa na nini?"

Talitha aliifunga Toshiba na kuiweka kwapani.

"Yuko anakunywa chai."

* * *

Jeshi lilifika kwenye mafunjo likakuta majivu ya moto, sufuria ya ugali na RPG moja iliyosahauliwa. Waasi walikuwa wamesubiri boti ambalo halikuja, na amri ambayo haikutoka, wakarudi walikotoka.

Mzee Assumani alifufuka mwenyewe. Alishika kipaza sauti, akakohoa, akasema, "Bantu yangu, hapa Kamina. Minyi niko."

Ève alitupa kipaza sauti chake. Kilisikika kikigonga sakafu, kisha miguu ikikimbia. Matthias alicheka na kulia pamoja, halafu akakasirika, na ilimbidi Mzee amwombe radhi mbele ya ofisi zote. Aliomba. Sauti yake haikuwa imara. Aliwaambia pia wazitupe disketi motoni, na safari hii wakamsikia.

Ndipo boti likaita.

"Kamina, iko mama mumoja hapa," alisema Yusufu. "Anataka kusema na ule mwanamuke wa asubuhi."

Mzee alimpa Talitha kipaza sauti, akatoka ukumbini.

"Talitha."

"Mama."

"Sauti yako niliijua. Nikajua iko kintu, sababu mutoto yangu hakai mu foni ya Assumani bure. Nikajua ni uongo."

"Hukusema?"

"Ningesema nini? Yusufu alitaka kwanza apite mbele, afunge kule mbali. Nikaanguka chini, nikalia kuliko bote, nikamushika miguu. Akafunga pale pale."

Talitha alikisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Ulilia vizuri, Mama. Ulitusaidia."

"Hapana, mutoto. Nilikuwa nalia kweli. Ile siku baba yako alikufa, weye ulisimama kwa mulango, ukatangazia bantu na sauti ile ile ya leo. Kisha ukaenda kazi. Hata chozi, hapana." Hewa ilinguruma. "Leo nilimulia baba yako kwa sisi wawili. Machozi yako njo ilibaki."

Redio ilikatika, au mama alikata.

Talitha alikirudisha kipaza sauti mahali pake. Alikunja antena. Alikagua Browning, akaificha chini ya kitenge. Uani Mzee Assumani alimwita anywe chai. Alimshukuru kwa kupiga goti kidogo, akasema ana ripoti ya kuandika.

Yamaha iliwaka kwa teke la kwanza. Barabara ya stesheni ilikuwa imejaa baiskeli na vumbi jekundu, na mbele yake wapita njia walikuwa wanafuta vumbi machoni kwa viganja.

Yeye hakuhitaji; macho yake yalikuwa makavu.

Aliongeza mwendo.