Wafanyakazi wa Babu Shimo

Kila asubuhi kabla ya shule, Manati alimsaidia mama yake kuosha utumbo kwenye machinjio ya mji. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa sababu msichana huyo akikulenga kwa manati yake, jihesabu umepigwa. Mama alikwangua utumbo, Manati akamwaga maji ndoo baada ya ndoo, na mdogo wake wa miaka saba, Kipengo, akahesabu ng'ombe wanaoingia langoni. Alikosea kila siku, na kila siku alibisha.

Nyuma ya machinjio palikuwa na shimo la mabaki. Humo yalitupwa mapafu yenye vivimbe, maini yaliyokataliwa na mkaguzi wa nyama, na kila kisichouzika. Mlinzi wake alikuwa mzee mmoja mwenye ulimi mkali, na watu walimwita Babu Shimo. Jua likishapanda kidogo, alifunua mabati, na tumbusi waliokuwa wamejipanga ukutani wakashuka kwa vurugu. Saa moja baadaye ilibaki mifupa mitupu, naye akafunika tena.

"Wafanyakazi wangu wamefika wote kumi na tisa," alitangaza kila asubuhi. "Hawaombi ruhusa wala hawasingizii kuumwa kichwa kama nyinyi."

Wachinjaji walimcheka wakasema mzee keshazeeka hadi akili.

Jumamosi moja tumbusi mmoja aliruka kutoka ukutani, akanyakua kipande cha utumbo ndani ya karai la mama. Mama akamkimbilia, akateleza kwenye sakafu yenye mafuta, na kidevu chake kikagonga ukingo wa saruji. Damu ilimwagika hadi kifuani. Manati alipoiona damu ile, yake ilichemka.

"Mashetani hawa! Leo mtanitambua," alisema.

Alijua pa kwenda. Ufunguo wa banda la Babu Shimo ulining'inia kwenye msumari kando ya mlango, na mara nyingi mzee alimtuma amletee kofia au fagio. Mchana ule, mzee alipokwenda kula, Manati alifungua banda, akachukua kopo la dawa ya kuulia kupe wa ng'ombe, akainua bati la shimo, akaimimina juu ya maini yaliyokataliwa siku ile. Alirudisha kopo na ufunguo mahali pake, akaenda zake akipiga mluzi.

Kesho yake ndege wote kumi na tisa walikuwa chini. Wengine walikuwa wameshakufa. Wengine walipigapiga mbawa kwenye matope, shingo zikijipinda, povu likiwatoka mdomoni. Mmoja alijikokota hadi miguuni pa Manati, akatetemeka, akatulia. Msichana alirudi nyuma hatua moja, lakini wachinjaji walishangilia. Mjomba wake, kaka wa mama, mtu wa miraba minne, alipiga makofi.

"Aliyefanya hivi apewe zawadi!" alisema.

Babu Shimo peke yake hakushangilia. Alivua kofia, akakaa juu ya ndoo.

"Sasa kazi yao ataifanya nani?" aliuliza. Kisha akamgeukia Manati. "Mjukuu wangu, hukuona mtu akiingia bandani mwangu?"

"Sikuona, Babu," alijibu Manati, macho akiyatupa pembeni.

Mzee aliwachoma moto ndege wale pamoja na maini yenye sumu. Lakini kila siku ng'ombe walichinjwa, na kila siku mabaki yaliongezeka. Baada ya wiki mbili shimo lilifurika, mabati hayakufunika tena, na nzi walikuwa wengi hata ukifungua mdomo kuongea unawala. Halafu mbwa wakaja. Walianza watatu, wakawa saba, wakapita ishirini. Walipigania nyama hadi kuraruana masikio, na mmoja aliuawa na wenzake mchana kweupe mbele ya lango. Zamani ukiinama tu kuokota jiwe mbwa walikimbia. Sasa walikukodolea macho na kukenua meno.

Asubuhi moja Kipengo alikuwa akimpelekea mama ndoo yenye masalia ya utumbo. Mbwa wanne walimzunguka. Mtoto akapiga ukelele, akaitupa ndoo, lakini mmoja alikuwa keshamshika shavu la mguu na kumburuta.

Manati alilenga. Jiwe la kwanza lilimpata mbwa jichoni, wala hakuachia. Msichana akashika mpini wa jembe, akajitosa katikati yao. Alipiga migongo, alipiga vichwa, alipiga huku analia, mpaka taya la yule mbwa likavunjika na mguu wa mdogo wake ukatoka. Nyama ilikuwa imening'inia.

Mama hakupoteza muda. Aliosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba, dakika nyingi, Kipengo akipiga mayowe, kisha akambeba mbio hadi zahanati. Mganga alisema mtoto atachomwa sindano kadhaa, kwa kuwa mbwa yule huenda ana kichaa.

Kule machinjioni hasira zilipanda.

"Mbwa hawa wameletwa na uchafu wa shimo," mjomba alinguruma. "Na uchafu umejaa tangu ndege wafe. Povu lile lilikuwa la dawa ya kupe, na dawa ya kupe inakaa banda la nani?"

"La Babu Shimo!" waliitikia wenzake.

"Na ufunguo ni wa nani?"

"Wake!"

Walimkokota mzee nje. Teke la kwanza lilimwangusha, ngumi ikampasua juu ya jicho, na damu ikamziba uso. "Sijui, wanangu, wallahi sijui," alisema, lakini nani alimsikiliza? Mmoja akapaza sauti kwamba atupwe shimoni mwake. Mjomba akainua fimbo ya kuswagia ng'ombe.

Manati alisimama pale kama amepigiliwa misumari. Akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Akisema, fimbo ile ni yake. Mzee alikuwa ameacha hata kujikinga.

Alikimbia, akajitupa juu yake. Fimbo ikamwangukia begani, akasikia maumivu hadi kwenye meno.

"Ni mimi, mjomba! Mimi ndiye niliyewapa sumu! Babu hana kosa!"

Mjomba aliganda, fimbo mkononi. "Wewe? Na mdogo wako ameliwa na mbwa!"

"Ndiyo, mjomba. Na nilimdanganya Babu."

Mkaguzi wa nyama, mama mmoja asiyecheka ovyo, alifika akitweta na koti lake jeupe.

"Mngemuua mtu kwa kukisia!" aliwafokea. "Msichana kakosea, ndiyo. Na nyinyi mlioshangilia? Ndege wale walimaliza nyama kabla mbwa hawajaipata. Mlipowaondoa, mliwaita mbwa na nzi, na wao wakaja na magonjwa yao hadi kwenye miguu ya watoto wenu. Haya, nileteeni majembe!"

Wiki nzima walichimba shimo jipya, mjomba akiwa wa kwanza kushuka na Manati wa pili, bega lake likiwa bado limevimba. Mabaki yalifukiwa kila siku. Daktari wa mifugo alikuja kuchanja mbwa wenye wenyewe, na wale wasio na wenyewe, chakula kilipokwisha, wakatawanyika. Kipengo alimaliza sindano zake, akapona, akawa anaonyesha kovu lake kwa kila mtu, atake asitake.

Ilipita miezi mingi. Asubuhi moja tumbusi wawili walitua ukutani. Babu Shimo, ambaye jicho lake moja halikufunguka tena sawasawa, aliwatazama kwa lile lingine.

"Wawili," alisema. "Tutaanza na hao."

Manati aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Babu."

"Nilikusamehe siku ile ulipoangukiwa na fimbo iliyonilenga mimi. Ila sikiliza. Usiue kiumbe kwa sababu ya kosa moja uliloliona, kabla hujajua kazi zake zote usizoziona. Na ukiharibu, sema mapema. Jicho langu hili ni la siku zile ulizonyamaza."

Manati alilia, naye mzee akamwacha alie. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa banda. Tangu siku ile ya kipigo alikuwa akitembea nao.

"Chukua," alisema. "Kautundike pale pale kwenye msumari."