Bega Lililowaka

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, randa ilisikika nyuma ya nyumba. Mke wa fundi seremala aliweka ufagio chini, akatoka. Alimkuta mumewe ameinamia mlango mpya. Maranda yalikuwa yamemfika vifundoni.

"Baba watoto, leo si ndiyo siku ya kipimo?"

"Kipimo ni saa nne."

"Uliambiwa upumzike."

"Nimepumzika. Sijala, sijanywa chai, sijaenda karakana. Hapa natoa hasira tu; au nayo mmeipangia ratiba?"

Aliisukuma randa kwa nguvu zaidi. Mke alirudi ndani na hasira zake. Mwaka uliopita mtu huyu alikojoa damu miezi minne bila kumwambia mtu. Alipokwenda hospitali, kipimo cha CT kilionyesha uvimbe kwenye figo ya kushoto. Ilikuwa saratani. Figo ikatolewa. Baadaye doa likaonekana kwenye pafu, akaanzishiwa dawa. Kipimo cha leo, kiitwacho PET, kingeonyesha kama dawa ile inafanya kazi.

Siku tatu baadaye waliitwa kwa daktari wa mionzi, mwanamke kijana mwenye miwani. Kwenye kompyuta yake palikuwa na picha ya mwili mzima wa fundi. Sehemu nyingine zilikuwa na giza, nyingine ziling'aa.

"Doa la pafu limefifia," alisema daktari. "Dawa inafanya kazi. Lakini bega la kulia linawaka. Saratani ya figo hupenda kuhamia kwenye mapafu na kwenye mifupa. Hatuwezi kulipuuza."

Mke alinyoosha kidole. "Na hapa kiunoni panapowaka kuliko bega? Mbona hapo unaparuka?"

"Hiyo ni figo iliyobaki, mama. Chini yake ni kibofu. Sindano aliyochomwa ina sukari iliyotiwa mionzi kidogo. Seli nyingi za saratani hula sukari kwa pupa, ndiyo maana huwaka. Lakini sukari hii hutoka kwa mkojo. Kwa hiyo figo na kibofu huwaka hata kwa mtu mzima wa afya. Ndiyo sababu uvimbe wa kwanza ulitafutwa kwa CT. PET hutusaidia zaidi kujua kama ugonjwa umehama, au kama dawa inaushinda."

"Kumbe kuwaka si lazima iwe kansa."

"Si lazima. Misuli iliyofanya kazi nayo hula sukari. Baba, siku ile ulifanya kazi yoyote ya mikono?"

Fundi alitazama juu. "Mbao za dari hii hazikukaushwa vizuri," alisema.

"Umeulizwa wewe, haikuulizwa dari," mke alisema.

"Nilipiga randa. Kidogo."

"Kidogo? Mlango mzima!"

Kisha mke alifungua mkoba, akatoa karatasi ya maelekezo waliyopewa, akaibwaga mezani.

"Sasa zamu yako, daktari. Nionyeshe randa imeandikwa wapi. Hapa pana 'pumzika vya kutosha', basi. Neno hili kila mtu ana lake. Kwa huyu, kupumzika ni kutokwenda karakana. Kwangu mimi ni kufua nimekaa. Mmemwandikia seremala kama mnamwandikia karani. Kwa neno moja naambiwa mume wangu huenda ana kansa ya mfupa."

Daktari alisoma karatasi toka juu hadi chini.

"Kosa ni letu," alisema. Alichukua kalamu, akafuta mstari ule. "Nitajie kazi, mama. Nyingi uwezavyo."

Mke alitaja, yeye akaandika. Fundi aliongeza msumeno.

Kipimo kilipangwa kurudiwa baada ya wiki mbili. Siku moja kabla yake, mke aliifungia randa sandukuni. Ufunguo aliufukia kwenye pipa la unga. Fundi alishinda amenuna.

"Hata msumari mmoja?"

"Hata mmoja."

"Kichwa je, nikikune?"

"Kuna, kwa mkono wa kushoto."

Siku ya kipimo hakula kitu kwa saa sita; alikunywa maji matupu tu. Hospitalini walimtoboa kidole kupima sukari ya damu. Walimchoma sindano, akalala kimya saa nzima chini ya blanketi. Akaenda kukojoa, kisha akaingia kwenye mtambo. Jioni alikunywa maji mengi ili mionzi imtoke, na wajukuu hawakumpanda mapajani hadi kesho yake.

Jumatano, saa tano na robo, daktari aliifungua picha mpya.

"Bega limezima," alisema. "Ilikuwa misuli tu. Doa la pafu limezidi kufifia. Endelea na dawa hiyohiyo. Tutapima tena baada ya miezi mitatu."

"Ile miezi minne ya damu bado sijakusamehe," alimwambia mumewe.

"Najua."

Karatasi mpya ya maelekezo ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa daktari. Fundi alisimama, akaisoma polepole: "Tangu siku moja kabla hadi kipimo kiishe, usipige randa, usikate kwa msumeno, usipige nyundo, usilime, usifue, usibebe ndoo. Mwenye kisukari atuambie mapema."

Saa nane mchana, nyumbani, mke alichomoa ufunguo kwenye unga, akaupangusa, akafungua sanduku.