Tuko Pamoja, Mzee

Mdomo wangu haujawahi kunipa amani. Nimeendesha magari ya watalii miaka kumi na mmoja, na kazi ile inakuzoesha kuwa na neno tamu kwa kila mtu: askari wa getini, mgeni aliyechukizwa na vumbi, mama anayetuuzia chai. Nilijiona hodari sana wa maneno. Siku hizi naogopa hata kuitikia salamu.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku tisa, katika pori ambalo madereva wengi hawalitaki. Hakuna hoteli, hakuna mtandao, na barabara ni alama mbili za matairi ndani ya majani. Wageni walikuwa wawili, mume na mkewe, wapenzi wa ndege. Wangeweza kukaa saa nzima wakimtazama ndege mmoja wa rangi ya udongo, wakamfurahia kama aliyewafungia bao. Mpishi alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye wote tunamwita Kijiko. Pia tulikuwa na askari wa wanyamapori tuliyepewa getini, mtu wa makamo asiye na maneno mengi.

Niliikubali safari ile roho ikiwa upande. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na mbili za mwanzo zilikuwa zimeharibika. Nilimwahidi nitarudi kabla ya siku zake. Kijiko alinitania kwamba nahesabu siku kuliko mjamzito mwenyewe. Mwache acheke. Nilimtaka mtoto yule mpaka nikawa naogopa kumtaja.

Siku ya sita, jua likizama, Kijiko akasema maji yamekwisha. Nikapakia madumu nyuma ya gari, nikashuka mtoni peke yangu. Dakika kumi na tano kwenda, kumi na tano kurudi. Nikajaza, nikageuza gari.

Hapo ndipo nilipomwona.

Mzee. Amesimama kando ya njia, kaegemea fimbo, mguu mmoja haukanyagi chini. Kijiji cha karibu kilikuwa mwendo wa siku mbili kwa miguu. Nikapunguza mwendo, nikashusha kioo. Ikaingia harufu ya mvua... ile ya matone ya kwanza kwenye vumbi. Na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi mitano.

"Mwanangu," akasema taratibu, "wenzangu wameniacha. Nifikishe nyumbani."

"Kwenu wapi, mzee?"

"Kwenu."

Nikadhani masikio yake yamechoka. Kampuni inakataza kupakia watu njiani, na kusema kweli, nywele za shingo zilikuwa zimeanza kunisimama. Nikamfanyia kile ninachomfanyia kila mtu ninayetaka kumkwepa bila kumuudhi. Nikacheka. Nikamweleza kwamba hata mimi niko mbioni kurudi nyumbani, mke wangu karibu anajifungua, ila nitamtuma askari aje amchukue. Kisha nikatia gia, nikampungia mkono.

"Tuko pamoja, mzee."

Nani asiyelisema? Tunamwambia fundi tusiyetaka kumrudia, ndugu tusiyetaka kumpigia simu. Maana yake ni kwaheri, basi.

Akatabasamu. Nikaondoka.

Sikufika mbali, gari likawa zito. Usukani ulikuwa unavuta kushoto, upande wa abiria. Nikasimama, nikazunguka, nikalipiga tairi teke. Lilikuwa gumu, limejaa upepo. Niliporudi ndani ndipo nikaona kiti cha kushoto kimebonyea katikati. Nikanyoosha mkono, nikakigusa.

Kilikuwa na joto.

Sijui nilifikaje kambini. Nakumbuka tu kwamba sikugeuka kushoto hata mara moja.

Sikumwambia mtu. Lakini tulipokaa kula, yule mama mgeni, aliyejifunza Kiswahili kwenye kijitabu, akaangalia kule nilikoegesha gari na kuuliza kwa upole:

"Yule babu ndani ya gari, yeye hatakula?"

Kijiko akacheka. Mimi sikucheka. Askari akaacha kutafuna. Akainuka, akanivuta nyuma ya hema. Hakuniuliza nimeona nini.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia... tuko pamoja."

Akafumba macho.

Alinihadithia kwa kunong'ona, maneno machache tu, yale aliyoachiwa na babu yake. Zamani watu wanane walipita pale na mizigo kichwani. Mmoja akavunjika mguu. Wenzake wakamwambia asihofu, wako pamoja, kisha wakaondoka yeye akiwa amelala. Nao hawakufika walikokuwa wakienda. Hakuna aliyeonekana tena, wala mzigo mmoja. Zaidi ya hapo hajui, na hataki kujua. Askari wa pori lile wakimkuta mzee yule humwambia wazi: mimi naenda, wewe baki. Ni ukorofi, lakini ndiyo lugha anayoielewa.

Nikamuuliza atashuka lini.

"Akifika."

"Wapi?"

"Wewe ulimwambia unaenda wapi?"

Nilikuwa nimemwambia nyumbani.

Asubuhi nikaenda na askari mpaka mahali pale pale, nikafungua mlango wa kushoto. Nikapiga moyo konde, nikakiambia kiti kitupu: mimi naenda, wewe baki. Nikarudia. Nikarudia tena, sasa nikimbembeleza, sauti ikitetemeka mbele ya mwanamume mwenzangu.

Kiti hakikuinuka.

Siku tatu nikamwendesha. Kijiko, aliyecheka, nilipomsimulia yote alianza kujibana nyuma katikati ya masufuria, hataki kukaa mbele hata kwa kubembelezwa. Nikizima injini nilisikia pumzi... ndefu, za mtu aliyeteseka sana na sasa amepata pa kukaa. Niliapa kwamba nyumbani sitakanyaga. Ningeliacha gari ofisini, ningelala palepale sakafuni, na Kijiko angeenda kumweleza dada yake uongo wowote. Mtu yule asingemkaribia mke wangu. Asingemkaribia mwanangu.

Siku ya tisa tukamwacha askari getini kwake, na wageni kwenye kiwanja chao cha ndege. Tukabaki mimi na shemeji. Jioni, tukiwa tumeshaingia kwenye lami, usukani ukanyooka. Hivi hivi. Gari likawa jepesi. Nikageuka kushoto kwa mara ya kwanza tangu mtoni.

Kiti hakikuwa kimebonyea tena, kilikuwa kama kipya.

"Ameshuka," Kijiko akanong'ona nyuma yangu.

Tukacheka kama wehu. Mimi nililia pia, sioni haya kusema. Hatukuwa tumemaliza kucheka simu zetu zilipopata mtandao. Ujumbe wa mama mkwe ulikuwa umetoka kuandikwa. Uchungu umewahi. Mtoto wa kiume, amezaliwa dakika hii hii, mzima, na mama yake mzima.

Kijiko aliusoma begani mwangu. Akatazama saa yake. Tangu siku ile hatujawahi kulizungumza jambo hilo.

Mwanangu sasa ana miaka miwili na nusu. Safari niliacha, nasambaza mikate mjini kwa kigari kidogo, na kila jioni niko nyumbani. Ni mtoto mtulivu, halii ovyo. Mama yake humwita "baba", kama akina mama wote wanavyowaita wana wao, na kila akimwita mgongo wangu hupata baridi. Nampenda. Lazima niliseme hilo. Nampenda kuliko macho yangu, na sijawahi kumpa kisogo tukiwa wawili tu chumbani.

Kusema amechelewa. Hajawahi kuunganisha maneno mawili. Juzi nilirudi kazini nikamkuta mlangoni, nikamnyanyua kama kawaida. Akanikumbatia shingo, akaweka mdomo wake sikioni mwangu, akasema taratibu, maneno yamenyooka:

"Wenzangu... utawaleta lini?"

Mke wangu alikuwa ndani akikunja nguo, tumbo lake la miezi saba mbele yake. Alisikia sauti. Akauliza kwa furaha, mtoto kasema nini?

Nikamwambia anataka kulala.