Mpangaji wa Mashine Kuukuu

Msimbo ulihama salama, ila ulifika ukiwa na badiliko moja la ziada.

Mama Pacha, fundi wa programu, akafuta, akaanza upya. Meneja alikuwa amemwagiza autoe msimbo wa programu ya kampuni kwenye mfumo wa zamani, uliotunza kumbukumbu za kila badiliko ndani ya mashine moja, aupeleke kwenye mfumo mpya, unaompa kila mfanyakazi nakala nzima ya kumbukumbu hizo tangu mstari wa kwanza kuandikwa. Mifumo hiyo haikuelewana hata kidogo. Kila kumbukumbu ilibidi ibembelezwe ndipo ivuke.

Safari hii yalizidi mabadiliko mawili. Yote yalibeba jina la Bingwa na tarehe ya leo.

Bingwa ndiye aliyeiandika programu ile mwanzoni. Tangu aanguke kwenye chumba cha mashine alikuwa nyumbani kwa dada yake, haongei, hamtambui mtu. Mama Pacha akalifungua badiliko la mwisho. Ndani mlikuwa na mstari mmoja: Huko kuna nafasi?

Alingoja aogope. Lakini tangu amzike mumewe, mambo yalimfikia kama mguu uliokufa ganzi: unaugusa, unajua ni wako, basi. Akaenda chumba cha mashine, akakuta harufu ya nywele zilizoungua, na chini ya mvumo wa feni kitu kikivuta pumzi taratibu, na alipobana pumzi yake ili asikilize vizuri nacho kikabana, na alipoiachia nacho kikaachia, karibu kabisa na kisogo chake, mpaka akarudi kinyumenyume hadi mlangoni bila kujua ni lini miguu yake ilianza kutembea.

Mchana huo alikwenda kwa dada yake Bingwa. Dada huyo alikuwa mganga, na aliposikia habari hakushangaa.

"Mganga hajigangi, wala hamgangi nduguye," alisema kwa sauti ya chini. "Huyo ni jini. Analala kwenye ile mashine, anakula kwa kaka yangu. Hatoki mpaka apate mahali pengine pa kukaa."

"Nikihamisha msimbo mtupu, kumbukumbu nikaziacha?"

"Atabaki nazo hapo alipo. Na kaka atabaki hivi."

Alikuwa akimfuta kaka yake mate kidevuni. Akamaliza, akakunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Ziache, mwanangu."

Mama Pacha akarudi kumwambia meneja kwamba kumbukumbu zimeharibika, hazihamishiki. Meneja hakubisha. Lakini kesho yake asubuhi alimpokea mlangoni akitabasamu: kazi ameimalizia mwenyewe, na kila mtu ameshapata nakala yake.

"Wala sikuhangaika," alisema. "Zilihama zenyewe."

Simu ikaita. Alikuwa dada yake Bingwa, analia.

"Kaka ameongea. Ameniita jina langu, ameomba maji." Kisha sauti yake ikakauka. "Umefanya nini, mwanangu?"

Mama Pacha akatafuta furaha, kisha hofu, vyote akavikosa. Ofisini hapakuwa na aliyemsalimia. Wote walikuwa wameinamia mashine zao, wakiandika kwa mwendo mmoja, na alipokata simu waliacha kwa pamoja, meneja naye, wakamgeuzia nyuso.

Ni nakala yake peke yake iliyokuwa haijafunguliwa.

Akavuta kiti, akakaa mbele ya mashine yake.